MySQL: naingiza swali na majibu yake, majibu mengine yanahamia kwenye swali lingine

mpanga_tebo

Wakuu habari zenu, naomba msaada hapa maana nimeangalia kodi (code) yangu juu chini na kwa macho yangu haina tatizo.

Natengeneza mfumo wa mitihani ya kuchagua jibu, databesi ni MySQL 8. Nina tebo tatu, mtihani ndo mzazi, chini yake swali, na chini ya swali kuna jibu, yani mzazi, mtoto na mjukuu. ID zote zinajitengeneza zenyewe, mimi siandiki ID yoyote kwa mkono.

```sql
CREATE TABLE mtihani (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL
);

CREATE TABLE swali (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  mtihani_id INT NOT NULL,
  namba INT NOT NULL,
  maandishi TEXT NOT NULL,
  FOREIGN KEY (mtihani_id) REFERENCES mtihani(id)
);

CREATE TABLE jibu (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  swali_id INT NOT NULL,
  maandishi VARCHAR(255) NOT NULL,
  sahihi TINYINT NOT NULL DEFAULT 0,
  FOREIGN KEY (swali_id) REFERENCES swali(id)
);
```

Na hivi ndo naingiza:

```sql
INSERT INTO mtihani (jina) VALUES ('Sayari');
INSERT INTO swali (mtihani_id, namba, maandishi)
VALUES (LAST_INSERT_ID(), 1, 'Ipi iko karibu zaidi na Jua?');
INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi) VALUES (LAST_INSERT_ID(), 'Utaridi', 1);
INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi) VALUES (LAST_INSERT_ID(), 'Zuhura', 0);
INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi) VALUES (LAST_INSERT_ID(), 'Mirihi', 0);
```

Sasa cha ajabu, tebo zikiwa tupu kabisa majibu mawili ya kwanza yanaingia vizuri na yanakaa kwenye swali lake, la tatu linagoma na kutoa hii:

```
ERROR 1452 (23000): Cannot add or update a child row: a foreign key constraint fails
```

Nikahamia kwenye databesi nyingine ya majaribio ambayo ina maswali mengi niliyoyaingiza zamani bila majibu, huko hakuna kosa lolote yote yanapita, ila ukilifungua hilo swali la sayari unakuta lina jibu moja tu, Zuhura na Mirihi zimeenda kukaa chini ya maswali ya mtihani mwingine kabisa ambao hauhusiani. Hii ya pili ndo inanitisha zaidi maana hakuna ujumbe wowote, mtu anafanya mtihani anakuta jibu la ajabu.

Naomba kujua namna sahihi ya kuishika ID ya mzazi na kuipa watoto wake, na je watu wengi wakiingiza kwa wakati mmoja ID haziwezi kuchanganyikana?

---

bintiseva

Mkuu kodi yako inaonekana haina tatizo kwa sababu hilo jina LAST_INSERT_ID linakufanya uamini ni ID ya mwisho ya tebo unayoifikiria wewe. Lenyewe halijui tebo. Linajua kitu kimoja tu, kwenye koneksheni hii namba ya mwisho kuzalishwa na AUTO_INCREMENT ni ipi, iwe ya mtihani, ya swali au ya jibu, yote kwake sawa.

Tembea na mistari yako taratibu uone. Tebo tupu: mtihani unapata 1, kwa hiyo LAST_INSERT_ID ni 1, swali linachukua hiyo 1 kama mtihani_id, sawa. Swali nalo limepata ID yake, 1. Utaridi anachukua hiyo 1 kama swali_id, sawa kabisa. Ila Utaridi mwenyewe ni rekodi yenye AUTO_INCREMENT, kwa hiyo baada ya kuingia LAST_INSERT_ID saivi ni ID ya jibu, ambayo kwa bahati nayo ni 1! Zuhura akaja akachukua 1 akakaa mahali sahihi kwa bahati tu. Zuhura amepata ID 2, Mirihi akaja akachukua 2 kama swali_id, swali la 2 halipo, foreni kii (ile FOREIGN KEY inayounganisha mtoto na mzazi) ikakataa.

Kwenye databesi yako ya pili swali lenye ID kama hiyo ya jibu lipo, kwa hiyo foreni kii haina sababu ya kukataa. Na hapa naomba uelewe vizuri kazi ya foreni kii, inahakikisha mzazi yupo, haihakikishi ni mzazi wake. Ukimpa mtoto mzazi asiye wake lakini aliyepo, databesi inapokea bila neno.

Dawa ni kuikamata ID ya mzazi mara tu anapoingia, uiweke kwenye kigeu, afu watoto wote wasome kwenye kigeu na sio kwenye LAST_INSERT_ID tena:

```sql
START TRANSACTION;

INSERT INTO mtihani (jina) VALUES ('Sayari');
SET @mtihani = LAST_INSERT_ID();

INSERT INTO swali (mtihani_id, namba, maandishi)
VALUES (@mtihani, 1, 'Ipi iko karibu zaidi na Jua?');
SET @swali = LAST_INSERT_ID();

INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi) VALUES
  (@swali, 'Utaridi', 1),
  (@swali, 'Zuhura', 0),
  (@swali, 'Mirihi', 0);

COMMIT;
```

Umeona majibu nimeyaweka kwenye INSERT moja. Hapo hata ungeandika LAST_INSERT_ID() mara tatu ingekubali, maana amri inayoendelea haibadilishi thamani yake mpaka iishe, lakini usiizoee hiyo, mtu mwingine atakuja kuigawa hiyo INSERT vipande viwili na shida inarudi pale pale. Kigeu ni salama na anayesoma anaelewa.

Kuhusu watu wengi kwa wakati mmoja, usiogope, LAST_INSERT_ID inatunzwa kwa kila koneksheni peke yake. Watu mia wakiingiza sekunde hiyo hiyo wewe utaona ya kwako tu. Ila sharti lake ni kwamba INSERT na kusoma ID viwe kwenye koneksheni moja. Kama kodi yako inachota koneksheni kwenye bwawa la koneksheni (zilizofunguliwa tayari, zinatumika kwa zamu), ukafanya INSERT kwenye moja afu ukauliza LAST_INSERT_ID kwenye nyingine, utapata 0 au namba ya kitu kingine kilichofanyika huko zamani. Ukiwa ndani ya transaksheni (amri kadhaa zinazothibitishwa pamoja kwa COMMIT au kufutwa zote kwa ROLLBACK) kwa kawaida draiva, yani kile kinachounganisha kodi yako na databesi, inakushikia koneksheni ile ile mpaka COMMIT, hiyo nayo ni sababu ya kutumia transaksheni hata kama hukuwa na mpango nayo.

---

kolamu_moja

Mbona mnazunguka sana, si unafanya tu

```sql
SELECT MAX(id) FROM swali;
```

baada ya kuingiza, unapata ya mwisho, unaendelea. Mi natumia hivo na inafanya kazi.

---

chini_ya_injini

Kaka kolamu_moja hiyo inafanya kazi mpaka siku INSERT za watu wawili zikigongana. Kati ya INSERT yako na SELECT MAX yako kuna nafasi, ndogo ndio lakini ipo, mwingine akiingiza swali lake hapo katikati na likawa limeshathibitishwa wewe unasoma ID ya kwake, majibu yako yote yanaenda kwa swali la mtu mwingine na foreni kii inapiga kimya kwa sababu ile ile aliyoeleza dada bintiseva. Utasema nitaweka transaksheni, sawa, lakini kwenye PostgreSQL kwa mfano transaksheni ya kawaida ni READ COMMITTED, kila SELECT inaona vitu vipya vilivyothibitishwa na wengine, kwa hiyo haikukingi. Ungeweza kuiloki tebo nzima, itakukinga, ila umewasimamisha watu wote kwa kitu ambacho databesi ilishakupa bure.

Na kubwa zaidi, hii haitokei ukiwa unajaribu peke yako kwenye mashine yako. Inatokea mfumo ukishapata watumiaji, na inaharibu data bila kosa lolote kuonekana, unakuja kugundua baadae huku hujui ni rekodi zipi. Kila databesi ina njia yake sahihi, hakuna sababu ya kukisia ID:

MySQL ni LAST_INSERT_ID() kama ilivyoelezwa. MariaDB kuanzia 10.5 inakubali INSERT ... RETURNING, yani INSERT inayokurudishia ID hapo hapo, hiyo MySQL yenyewe haina. PostgreSQL ina RETURNING tangu 8.2. SQL Server tumia SCOPE_IDENTITY() au OUTPUT, na ukwepe @@IDENTITY, maana hiyo inasoma namba ya mwisho ya sesheni nzima hata kama imezalishwa na triga (amri inayojiendesha yenyewe tebo ikibadilishwa), siku mtu akiweka triga ya kuandika kumbukumbu kwenye tebo nyingine yenye namba zake, @@IDENTITY inaanza kukuletea ID ya tebo ya kumbukumbu. Oracle ni RETURNING id INTO au unachukua namba kwenye sikwensi (kihesabio cha databesi) mwenyewe.

---

mpanga_tebo

Dada bintiseva asante sana, nimeelewa kabisa, yani ile ya Zuhura kukaa sahihi kwa bahati ndo ilikua inanichanganya nikawa natafuta tatizo kwenye jibu la tatu tu.

Nimeweka vigeu, kwa swali moja moja inakubali. Sasa nina mzigo mwingine. Kuna faili lenye mtihani mzima, maswali mengi na kila swali lina majibu manne, na mitihani yenyewe ni mingi. Nikifanya lupu ya ingiza swali, kamata ID, ingiza majibu, inakubali ila ni pole pole. Nikasema niingize maswali yote kwa INSERT moja, ila LAST_INSERT_ID inanipa namba moja tu, nikaangalia nikakuta ni ya swali la kwanza na sio la mwisho. Je naweza kuchukua hiyo ya kwanza afu nikaongeza 1, 2, 3 kupata za mengine?

Na kuna mtu kaniambia nizime foreni kii kwa SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0 nikiwa naingiza, afu niwashe mwishoni, eti inaharakisha na hayo makosa hayatokei. Ni sawa?

---

chini_ya_injini

Naanza na hilo la kuzima kwa sababu linaniumiza nikiliona. Ukizima, makosa hayaachi kutokea, yanaacha kuonekana. Na watu wengi wanadhani ukiwasha tena mwishoni MySQL itapita kukagua kilichoingia, hapana, haikagui chochote kilichoingia wakati imezimwa. Jibu lenye swali_id 999999 litakaa humo miaka na miaka. Kuna mahali inafaa, kwa mfano unarudisha bekapu ambayo unajua ilikua salama na tebo zinakuja kwa mpangilio wowote, hapo sawa. Kuingiza data mpya ambayo haijawahi kukaguliwa na mtu, usizime. Kama ulishazima, pitisha hii uone yatima wako:

```sql
SELECT j.id, j.swali_id
FROM jibu j
LEFT JOIN swali s ON s.id = j.swali_id
WHERE s.id IS NULL;
```

Hiyo inaonesha wasio na mzazi kabisa. Wenye mzazi asiye wao haiwaoni, hao inabidi uhesabu majibu kwa kila swali, na wewe una bahati kwamba kila swali lazima liwe na manne:

```sql
SELECT s.id, s.mtihani_id, COUNT(j.id) AS idadi
FROM swali s
LEFT JOIN jibu j ON j.swali_id = s.id
GROUP BY s.id, s.mtihani_id
HAVING COUNT(j.id) <> 4;
```

Kaifanye hiyo leo kwenye ile databesi ya majaribio, na usiyaamini yale majibu yaliyomo.

---

bintiseva

Kuhusu kuongeza 1, 2, 3. Namba za INSERT moja ya VALUES kwenye InnoDB (injini ya MySQL inayohifadhi tebo) mara nyingi zinafuatana, ila kuna mpangilio wa auto_increment_increment ambao kwenye seva zinazonakiliana unaweza kuwekwa 2 au zaidi, hapo namba zinaruka, na ukiweka ON DUPLICATE KEY UPDATE au INSERT IGNORE hesabu inazidi kuvurugika. Mi sipendi kujenga uhusiano wa data juu ya hesabu ya kukisia. Una kitu bora zaidi tayari na hujakitumia, ile kolamu yako ya `namba`.

Fikiria hivi, kabla data haijaingia kwenye databesi, wewe unajuaje kwamba Mirihi ni jibu la swali la kwanza? Unajua kwa sababu faili linasema swali namba 1. Hiyo ndo inayowaunganisha kwa asili, ID ni kitu ambacho databesi imekuja kukibandika baadae. Kwa hiyo ingiza maswali yote, afu iulize databesi, swali namba 1 la mtihani huu umelipa ID gani? Usikisie, uliza.

Kwanza hakikisha namba haijirudii ndani ya mtihani mmoja, bila hii njia yote haina maana:

```sql
ALTER TABLE swali ADD UNIQUE (mtihani_id, namba);
```

Hii ifanye mapema peke yake, usiiweke katikati ya transaksheni, kwenye MySQL ALTER TABLE na CREATE TABLE ya kawaida zinafanya COMMIT kimya kimya na kila ulichokua umeshafanya kinathibitishwa hapo hapo. CREATE TEMPORARY TABLE haina tatizo hilo.

Halafu data ghafi ya faili iweke kwenye tebo za muda:

```sql
CREATE TEMPORARY TABLE swali_ghafi (
  namba INT NOT NULL PRIMARY KEY,
  maandishi TEXT NOT NULL
);
CREATE TEMPORARY TABLE jibu_ghafi (
  swali_namba INT NOT NULL,
  maandishi VARCHAR(255) NOT NULL,
  sahihi TINYINT NOT NULL
);
```

Zijaze kwa LOAD DATA au INSERT zenye VALUES nyingi, vyovyote unavyoweza. Kisha:

```sql
START TRANSACTION;

INSERT INTO mtihani (jina) VALUES ('Sayari');
SET @mtihani = LAST_INSERT_ID();

INSERT INTO swali (mtihani_id, namba, maandishi)
SELECT @mtihani, namba, maandishi
FROM swali_ghafi;

INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi)
SELECT s.id, g.maandishi, g.sahihi
FROM jibu_ghafi g
LEFT JOIN swali s
  ON s.mtihani_id = @mtihani
 AND s.namba = g.swali_namba;

COMMIT;
```

INSERT tatu tu, mtihani uwe na maswali kumi au elfu kumi ni INSERT tatu. Lupu yako ilikua pole pole kwa sababu kila amri inaenda kwenye seva na kurudi, na kama hukua na transaksheni kila moja ilikua inathibitishwa kwenye diski peke yake, hiyo ndo inakula muda kuliko kitu kingine chochote hapo.

Utajiuliza kwanini LEFT JOIN na sio JOIN. Nimeiweka makusudi. Ukiweka JOIN ya kawaida, jibu ambalo swali_namba yake imekosewa kwenye faili linapotea tu, haliingii na hakuna kosa, unabaki na swali lenye majibu matatu. Ukiweka LEFT JOIN, s.id inakua NULL, na swali_id ni NOT NULL, INSERT yote inagoma na unajua faili lina shida. Ndio maana ile NOT NULL kwenye kolamu ya foreni kii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, foreni kii yenyewe ikikuta NULL inapitisha, haina cha kulinganisha.

---

chini_ya_injini

Naongezea hapo kwenye COMMIT kwa sababu watu wengi wanaachwa hapa. Kwenye MySQL amri moja ndani ya transaksheni ikigoma kwa kosa kama 1452, inafutwa hiyo amri tu, transaksheni bado iko wazi na zilizotangulia bado zipo. Kodi yako ikiendelea mpaka COMMIT utathibitisha mtihani na maswali bila majibu. Kwa hiyo ni jukumu lako kukamata kosa na kuita ROLLBACK. Ukipitisha skripti kwa programu ya `mysql` ya kuandika amri, yenyewe inasimama kwenye kosa la kwanza na koneksheni ikikatika vyote ambavyo havijathibitishwa vinafutwa, ila ukiweka --force inaendelea mbele, usiiweke. PostgreSQL hapa ni mkali, amri moja ikigoma transaksheni nzima imekufa, kila utakachoandika baada ya hapo kinakataliwa na hata ukisema COMMIT inafanya ROLLBACK.

---

kolamu_moja

Nimesoma yote, MAX naitoa. Swali, mimi nipo PostgreSQL, hiyo ya vigeu vya @ haipo huku. Inabidi niende na kurudi kwenye kodi kila mara au kuna njia?

---

chini_ya_injini

Ipo na ni nzuri mno, ukiizoea utaipenda. Tangu 9.1 unaweza kuweka INSERT ndani ya WITH, na kile kinachotoka kwenye RETURNING ya moja kinakua chakula cha inayofuata. Mzazi, watoto na wajukuu kwa amri moja:

```sql
WITH m AS (
  INSERT INTO mtihani (jina) VALUES ('Sayari')
  RETURNING id
),
s AS (
  INSERT INTO swali (mtihani_id, namba, maandishi)
  SELECT m.id, v.namba, v.maandishi
  FROM m
  CROSS JOIN (VALUES
    (1, 'Ipi iko karibu zaidi na Jua?'),
    (2, 'Ipi ni kubwa kuliko zote?')
  ) AS v(namba, maandishi)
  RETURNING id, namba
)
INSERT INTO jibu (swali_id, maandishi, sahihi)
SELECT s.id, j.maandishi, j.sahihi
FROM (VALUES
  (1, 'Utaridi', true),
  (1, 'Zuhura', false),
  (2, 'Mshtarii', true),
  (2, 'Zohali', false)
) AS j(namba, maandishi, sahihi)
LEFT JOIN s ON s.namba = j.namba;
```

Hapa sahihi nimeifanya BOOLEAN. Angalia RETURNING ya pili, nimerudisha id pamoja na namba, ndo inayoniwezesha kuunganisha. Usirudishe id peke yake afu ukategemea zitatoka kwa mpangilio ule ule ulioingiza, mpangilio huo hakuna aliyekuahidi.

Kitu kimoja kinachowapiga watu, ndani ya amri hii huwezi kusoma tebo ya swali moja kwa moja ukategemea kuona maswali mapya. Vipande vyote vinaona picha ya databesi kama ilivyokua kabla amri haijaanza. Maswali mapya unayapata kwa `s` tu. Na kwa kua ni amri moja, ikigoma popote hakuna kinachobaki.

Jingine, ukiweka ON CONFLICT DO NOTHING kwenye INSERT ya mzazi na mzazi akawa tayari yupo, RETURNING hairudishi kitu, ukiwa na CROSS JOIN watoto wote wanapotea kimya. Mzazi ambaye anaweza kuwepo tayari mtafute kwanza, au tumia DO UPDATE ambayo inarudisha ID hata ya aliyekuwepo.

Na weka indeksi (orodha ya kutafutia rekodi haraka) kwenye swali.mtihani_id na jibu.swali_id. InnoDB inakutengenezea yenyewe ukitangaza foreni kii, PostgreSQL haitengenezi, siku ukifuta mtihani mmoja itapitia tebo nzima ya maswali kutafuta watoto.

---

roho_ya_sqlite

Wanaotumia SQLite kwenye apu za simu msome hapa. Foreni kii kwa kawaida imezimwa, hata kama umeitangaza vizuri kwenye CREATE TABLE. Inabidi kila koneksheni ikifunguliwa uandike

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

na uiandike kabla ya BEGIN, ukiiandika ndani ya transaksheni haifanyi chochote na haikuambii. ID unaipata kwa last_insert_rowid(), yenye mtego ule ule wa LAST_INSERT_ID. RETURNING ipo kuanzia 3.35 ya 2021 ila ile ya kuweka INSERT ndani ya WITH haipo, kwa hiyo shika ID kwenye kigeu cha lugha unayoandikia apu, au tumia hiyo njia ya kuunganisha kwa namba.

---

mpanga_tebo

Wakuu nimerudi. Ile kweri ya HAVING <> 4 imenionesha maswali mengi kwenye databesi ya majaribio, nimefuta maswali na majibu yote ya humo nimeingiza upya kwa njia ya tebo za muda, saivi kweri inarudi tupu. LEFT JOIN nayo imeshanigomea kwenye faili moja, kumbe kulikua na majibu ya swali namba 31 wakati mtihani una maswali 30. Kwa lupu yangu ya zamani hilo lisingejulikana.

La mwisho, naona ID za swali zina mapengo, baada ya ile iliyogoma namba zimeruka. Nirekebishe zifuatane?

---

bintiseva

Usiziguse mkuu. Namba ikishachukuliwa hairudishwi hata ukifanya ROLLBACK, na ni makusudi, ingekua inarudishwa ingebidi kila anayeingiza amsubiri mwenzake amalize. PostgreSQL nayo iko hivo hivo. Ukitaka kumuonesha mtu namba za swali zinazofuatana unayo kolamu ya `namba`, ID iache ifanye kazi ya kumtambulisha mzazi kwa watoto wake basi. Ukianza kubadilisha ID za wazazi itabidi uwafuate na watoto wote, na hapo ndo tunarudi kwenye majibu yaliyo chini ya swali lisilo lake.